Harusi Hamsini na Kamera Moja

Kwa wapiga picha wa Mombasa, kalenda ya kazi ni mwezi mwandamo. Ramadhani ikiingia harusi za Kiislamu husimama. Idi ikipita, kumbi hujaa na kila mwisho wa wiki hugombaniwa. Kodi ya studio haina msimu. Wenye busara huziba pengo hilo kwa kazi za mahoteli na makampuni, ambazo nazo zina taabu zake: malipo hukawia, na tangu Januari 2024 mteja wa namna hii hudai ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS, kwa kuwa bila hiyo Mamlaka ya Mapato ya Kenya haimkubalii kuhesabu gharama hiyo anapokokotoa kodi yake.

Kosa kubwa la biashara hii liko kwenye bei. Mteja huona saa chache za ukumbini. Haoni siku tatu au nne za kompyuta zinazofuata, picha 3,000 zikichambuliwa hadi zibaki mia chache, kisha moja moja kurekebishwa rangi na mwanga. Wala haoni kamera inavyochakaa: shata, pazia dogo linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, nayo ina umri wake. Kamera nyingi za daraja la kati hukadiriwa kufikia mipigo 100,000 hadi 200,000. Tuchukue 150,000: kwa picha 3,000 kila harusi, hizo ni harusi 50. Kama kamera ilinunuliwa kwa shilingi 200,000, basi kila harusi imekula shilingi 4,000 za kamera peke yake, kabla ya lenzi, betri, diski, msaidizi na nauli. Anayepanga bei kwa kusikiliza jirani anatoza ngapi anaula mtaji wake huku akidhani anapata faida.

Pwani ina soko moja ambalo lastahili hesabu ya peke yake: usiku wa kupamba. Bibi harusi hutolewa mbele ya wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na mara nyingi simu huachwa mlangoni au kamera zake hubandikwa stika. Hapa mpiga picha lazima awe mwanamke, na msaidizi wake pia. Ila mlango wa ukumbi si mwisho wa amana ya usiri. Nani atazihariri picha? Zitahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani? Faili likimfikia mhariri wa kiume, ahadi imevunjwa, hata kama hakuna aliyejua.

Ndiyo maana mabingwa wa picha za kupamba hawawezi kuonyesha kazi zao bora mtandaoni, mahali ambapo wenzao hupatia wateja. Wakipewa ruhusa, huweka mikono yenye hina, vito, jukwaa lililopambwa, uso haumo. Biashara yao husafiri kwa midomo ya mama na mashangazi. Naamini wana haki ya kutoza zaidi, kwa sababu wanauza picha na usiri kwa pamoja, na usiri huo unawanyima tangazo. Wengi bado wanatoza picha tu.

Sheria nayo imebadilisha thamani ya ruhusa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Kamishna wa Data alitoza faini mwezi Septemba 2023: Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tangu hapo hoteli au shule yenye mwanasheria humuuliza mpiga picha fomu za idhini ziko wapi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza kazi hiyo, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Hoteli iliyolipia picha za kijitabu yaweza kuzitundika kwenye bango la barabarani miaka mingi baadaye bila kuongeza senti. Kinga ni karatasi moja iliyoandikwa mapema: picha zitatumika wapi na kwa muda gani, hakimiliki inabaki kwa nani, faili zitatunzwa hadi lini, na harusi ikiahirishwa arubuni inarudi kiasi gani. Kila upande ubaki na nakala, na arubuni isipokelewe kabla ya sahihi.