Baiskeli Kutoka Pwani Hadi Kisaki: Msafiri Anahitaji Nini, na Kata Inafaidika Vipi

Katika nchi nyingi, safari ndefu za baiskeli za kujifurahisha zilipata umaarufu kwanza kandokando ya bahari. Ufaransa ina njia ya pwani ya Atlantiki inayoanzia mji wa Roscoff hadi mpakani na Hispania, urefu unaozidi kilomita 1,200, na wasafiri huigawanya kwa siku, wakilala kila usiku katika mji au kijiji kingine. Hapa Tanzania, wanaopenda upepo wa bahari huendesha katika barabara za mashariki ya Unguja, au hutoka Bagamoyo kuelekea Saadani, Pangani na Tanga. Kisaki haina bahari wala minazi ya ufukweni. Ina jambo jingine ambalo wasafiri wa pwani hulitafuta wanapochoka na joto la ufukwe: njia ya kuingia bara bila kupambana na malori ya barabara kuu.

Njia hiyo huanza kwa reli. Msafiri hupanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, baiskeli yake ikisafirishwa kama mzigo, na hushuka stesheni ya Kisaki. Reli hii ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa ajili ya shaba na biashara ya kusini, na hakuna aliyefikiria baiskeli za watalii wakati huo. Akishashuka, msafiri huelekea kaskazini kupitia Dutumi, Mvuha, Matombo, Mkuyuni na Kiroka hadi Bigwa na mjini Morogoro, Milima ya Uluguru ikiwa upande wake wa kushoto karibu safari nzima. Mwenye nguvu zaidi huendelea hadi Chalinze na Msata, kisha hushuka kwa lami hadi Bagamoyo, na hapo huwa ameufunga mzunguko na kurudi baharini.

Si njia mpya. Mwezi Juni 1857, msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke ulianza safari pwani jirani na Bagamoyo, ukapita Dutumi na kupumzika Zungomero, kituo cha misafara katika bonde la Mgeta, nchi ya Wakutu. Misafara ilisimama hapo kutafuta chakula na wapagazi. Septemba 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana Kisaki, na Januari 1917 Frederick Selous, ambaye pori la akiba lilipewa jina lake, aliuawa vitani Beho Beho. Wageni wengi wanaofika huku wamekwisha kuyasoma haya kabla ya kufunga mizigo. Mzee wa kijiji anayeweza kuyaeleza kwa upande wa wenyeji, jinsi chakula na wapagazi walivyochukuliwa kwa ajili ya vita ya watu wengine, ana jambo ambalo vitabu vyao havina.

Swali la msingi kwa mkazi wa Kisaki ni fedha. Gari la kitalii linaloelekea Hifadhi ya Taifa Nyerere hupita kijijini kwa dakika chache, abiria wakiwa na chakula na maji yao. Mwendesha baiskeli hawezi kufanya hivyo. Hubeba mzigo mdogo, hutoka jasho na husikia njaa kila baada ya saa mbili. Hununua chai, chapati, ndizi, maji, wali na maharage, na jua linapozama hulazimika kulala mahali alipofika. Kiasi anachotumia kwa siku si kikubwa, wala isitarajiwe kwamba kitajenga shule. Lakini huingia moja kwa moja mkononi mwa mama lishe, mwenye duka, mwenye nyumba ya kulala wageni na fundi baiskeli.

Fundi ndiye anayestahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu baiskeli inayoharibika Kisaki iko mbali sana na duka la vipuri. Mafundi wa hapa wamezoea baiskeli kubwa za breki za vyuma, ambazo tairi yake huitwa ya inchi 28. Baiskeli nyingi za watalii nazo huitwa za inchi 28, lakini ringi si sawa: ya kwetu ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi inapokaa, na ya kwao milimita 622. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine, hata ikivutwa kwa nguvu. Fundi asome tarakimu zilizochapishwa ubavuni mwa tairi kabla ya kuifungua. Baiskeli nyingine za safari hutumia ringi za milimita 559, zinazojulikana kama za inchi 26, ambazo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi katika miji yetu kutokana na baiskeli za milimani za mitumba. Pua ya tyubu nayo hutofautiana. Iliyo nyembamba yenye kijiskrubu kidogo juu hulegezwa kwanza kwa vidole ndipo pampu iwekwe. Ikilazimishwa hupinda, na tyubu huwa imekwisha. Kuziba pancha, kunyoosha ringi kwa kukaza spoku na kuunga cheni ni kazi ambazo fundi wa kijijini anaziweza vizuri kuliko wageni wengi wanavyodhani. Bei itajwe kabla ya kazi kuanza, na iwe ile anayotozwa jirani. Anayetoza mara tano hupata faida ya siku moja, kisha wasafiri huonyana.

Msimu wa kufaa ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa tambarare hunasa gurudumu hadi lisizunguke, na mito inayoshuka kutoka Uluguru hujaa ghafla, hata kama mvua imenyesha milimani tu na Kisaki kumekauka. Mgeni haelewi hilo. Akiuliza kama mto unavukika, aambiwe ukweli, na asivushwe kwa ujira maji yakiwa juu.

Jambo zito kuliko yote ni wanyamapori. Mpaka wa Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba Selous, uko karibu, na tembo hawausomi. Wakazi wanajua ni saa ngapi wanyama hutoka na hupitia wapi. Mtu aliyetoka Ujerumani au Arusha hajui. Anayeonekana akielekea lango la Matambwe alasiri imeshakwenda azuiwe kwa upole na aelezwe sababu. Aidha, baiskeli haiingizwi hifadhini bila ruhusa ya TANAPA. Anayetaka kuona wanyama apange gari na alipe ada za hifadhi, na baiskeli yake inaweza kubaki kijijini kwa mtu anayeaminika.

Kuhusu malazi, nyumba za kulala wageni ziandikishe kila mgeni katika kitabu cha wageni. Anayetaka kupiga hema apelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji wa kijiji, ili uongozi ujue nani amelala wapi. Viwanja vya shule visitumike bila uongozi huo kushirikishwa. Hema lisiwekwe kando ya mto wala karibu na mashamba ya mpunga, ambako viboko na tembo hupita usiku. Watoto wasihimizwe kukimbilia baiskeli wakiomba fedha. Mbali na aibu, barabara ni nyembamba, na mtoto anayekimbia kando ya gurudumu huku pikipiki ikitokea nyuma yuko hatarini. Ajali ikitokea, namba ya dharura ya polisi ni 112, na majeruhi apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu.

Vikundi vya vijana au akina mama vinavyotaka kutoa huduma ya chakula, kuongoza wageni au kutunza baiskeli vinashauriwa kufika ofisi ya mtendaji wa kata ili kuelekezwa namna ya kusajiliwa. Masuala ya wanyamapori yapelekwe kwa wataalamu wa maliasili wa halmashauri, makao makuu Mvuha, siku za kazi.