Kiwiko Kikiuma: Tujifunze Kusimama na Kupiga

Katika zahanati huja wakulima wanaolalamika kwamba kiwiko kinauma upande wa nje. Maumivu huzidi wanapolima, wanapopasua kuni au wanapokamua nguo. Wengine hushindwa kuinua hata kikombe cha chai. Wapo wanaodhani wamelogwa, wakaenda kuchanjwa kwa wembe.

Mwaka 1883 daktari mmoja wa Uingereza aliuandika ugonjwa huu kwa jina la kiwiko cha tenisi, kwa kuwa huwapata wachezaji wa mchezo huo. Lakini wengi wanaougua hawajashika raketi maishani mwao.

Misuli inayoinua mkono kwenye kifundo imeshikamana, kwa kano, na mfupa wa nje wa kiwiko. Mtu akibana mpini kwa nguvu na kupiga mara nyingi, kano hiyo huumia kidogo kidogo bila kupata nafasi ya kupona.

Mchezaji wa tenisi aliyefundishwa vizuri, anapopiga kwa upande wa kiganja, hutanua miguu na kukunja magoti kidogo. Hugeuza kiuno na mabega pamoja, akaupiga mpira ukiwa mbele yake. Nguvu hutoka miguuni na kiunoni. Anayetumia mkono peke yake huumiza kifundo, kiwiko na bega.

Mkulima naye afanye hivi:

(a) Simama miguu ikiwa imeachana, magoti yamekunjwa kidogo.

(b) Shika mpini imara bila kuubana. Mpini unaocheza ukazwe.

(c) Usikunje kifundo cha mkono unapopiga.

(d) Noa jembe na shoka. Chombo butu hukulazimisha kupiga mara nyingi zaidi.

(e) Msimu unapoanza, ongeza kazi siku hadi siku, na pumzika kila baada ya matuta machache.

Ukiwa umeshaumwa, punguza kazi inayoleta maumivu kwa majuma kadhaa, lakini usiuache mkono bila kuutumia kabisa. Unapoinua kitu, kiganja kitazame juu. Maumivu yakipungua, laza mkono juu ya meza, kiganja kikining'inia nje ya ukingo na kutazama chini. Shika chupa ndogo ya maji, uishushe polepole, kisha uirudishe juu kwa msaada wa mkono wa pili. Rudia mara 10 kila siku.

Usidai sindano. Sindano ya kiwiko hutuliza kwa majuma machache, lakini mara nyingi maumivu hurudi. Wagonjwa wengi hupona bila sindano katika muda wa mwaka mmoja. Wembe wa kuchanjia nao waweza kuleta pepopunda, na ukitumiwa kwa watu wengi waweza kuambukiza virusi vya UKIMWI.

Fika zahanati upesi endapo kiwiko kimevimba na kina joto, una homa, vidole vina ganzi, au uliumia kwa kuanguka.

Ndugu mkulima, jembe likivunjika utanunua jingine. Mkono hauuzwi dukani.