Jina Lililoandikwa Mgongoni

  

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, tulisimama nje pamoja na watu tukiwatazama watoto wakikimbizana. Tukawahesabu saba waliovaa jezi za kandanda. Hakuna hata mmoja aliyevaa jezi ya timu ya Kenya, wala ya kilabu chochote cha hapa kwetu. Migongoni mwao yalikuwa majina ya watu wa Ureno, Argentina, Norway na Misri. Mama mmoja akatukaribia, akasema, "Mwanangu anayo jezi niliyomnunulia mwaka jana. Sasa yule mchezaji wake amehamia timu nyingine, na kijana hataki kuivaa tena. Anataka mpya, na shule zafunguliwa wiki ijayo. Hebu niambieni, pesa hizi zote huenda wapi? Je, ni yule mchezaji anayezipata?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutalitafuta. Basi leo tungependa kulieleza, kwa maana tunajua mama huyu si peke yake mwenye swali hili.

Kwanza, yafaa tukumbuke kwamba kumpenda mchezaji hodari si jambo jipya. Wazee wetu wanaosikiliza watakumbuka miaka ya 1960, na jina la Joe Kadenge. Alichezea Abaluhya, kilabu ambacho leo chaitwa AFC Leopards, na alichezea timu ya taifa. Watu wengi waliompenda hawakupata kumwona kwa macho. Walikusanyika penye redio moja, na mtangazaji aliposema, "Kadenge na mpira!" watu walisimama. Maneno hayo yakawa msemo, hata watoto waliokuwa wakipiga mpira wa matambara njiani waliyapaza. Kadenge alifariki mwezi Julai, mwaka 2019, na mpaka leo msemo huo haujafa. Lakini tazama jambo hili: mapenzi hayo yote hayakumgharimu shabiki zaidi ya kiingilio cha uwanjani, au betri za redio. Hakuna mzazi wa siku hizo aliyeombwa anunue shati lenye jina la Kadenge mgongoni.

Je, ilikuwaje basi hata shati likawa bidhaa? Jambo hili lilianzia Uingereza, nalo lilikuja polepole. Mwezi Agosti 1928, kilabu cha Arsenal kilicheza na Sheffield Wednesday, wachezaji wakiwa na nambari migongoni. Nambari hizo hazikuwa za mtu. Zilikuwa za mahali anapochezea. Aliyecheza pembeni kulia alivaa 7, na juma lililofuata mwingine akicheza mahali pale, ndiye aliyeivaa 7. Mnamo mwaka 1939 nambari zikawa ni sheria katika ligi ya huko.

Katika miaka ya 1970 kampuni iitwayo Admiral, ya mji wa Leicester, iliwavisha Leeds United na baadaye timu ya taifa ya Uingereza. Kampuni hii iliona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani: mtoto angependa kuvaa shati lile lile alivaalo shujaa wake. Ikatengeneza mashati yenye alama yake, ikawauzia watoto madukani. Hapo ndipo biashara ilipofungua mlango.

Kisha, katika msimu wa 1993 na 1994, Ligi Kuu ya Uingereza ilimpa kila mchezaji nambari yake ya msimu mzima, na jina lake likaandikwa juu ya nambari hiyo. Huenda ukafikiri kuwa hilo ni jambo dogo. La, si dogo. Kabla ya hapo, kijana alinunua shati la timu. Tangu hapo aliweza kununua shati la mtu. Na timu haihami, lakini mtu huhama.

Sasa twende kwenye swali la yule mama. Kijana anaponunua jezi halisi dukani, pesa zile hugawanywa. Mwenye duka huchukua fungu lake. Serikali huchukua kodi. Kuna gharama za kitambaa, kushona na kusafirisha. Kampuni iliyoitengeneza huchukua faida yake. Kilabu chenyewe, kwa kawaida, hupata kama asilimia 10 hadi 15 hivi. Yaani katika kila shilingi mia, kilabu chapata shilingi kumi au kumi na tano. Na mchezaji ambaye jina lake limeandikwa mgongoni? Yeye kwa kawaida hana fungu katika shati moja moja linalouzwa. Hulipwa mshahara na kilabu, na hulipwa kwa mikataba yake mwenyewe na makampuni.

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Timu ile ilimnunua fulani kwa mamilioni, lakini pesa zote zimerudi kwa kuuza jezi." Hebu tuchukue kalamu tupige hesabu. Mwaka 2017 kilabu cha Paris Saint-Germain cha Ufaransa kilimchukua Neymar, Mbrazili, kwa yuro milioni 222. Tuseme kila jezi yake iliuzwa kwa yuro 100, na kilabu kikapata 15. Ili kuzirudisha yuro milioni 222, zingehitajika jezi karibu milioni 15, na hapo bado hatujamlipa Neymar mshahara wake. Ni wazi kwamba jezi peke yake haziwezi kumnunua mchezaji wa namna hiyo.

Huenda ukauliza, "Kama ni hivyo, kwa nini vilabu vyawatafuta hao wenye majina makubwa?" Jibu ni kwamba faida kubwa haiko katika shati moja, bali katika mkataba. Makampuni ya mavazi hulipa vilabu pesa nyingi ili wavae alama zao. Manchester United, kwa mfano, walifanya mapatano na Adidas ya miaka 10, kuanzia msimu wa 2015 na 2016, kwa jumla ya pauni milioni 750. Tena mapatano hayo yalikuwa na sharti: timu ikikosa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya miaka miwili mfululizo, malipo yapunguzwe. Kwa nini? Kwa sababu kampuni hainunui kitambaa. Yanunua macho ya watu. Pale ambapo nyota hucheza, ndipo macho yalipo.

Mfano mzuri ni David Beckham. Mwaka 2003 alitoka Manchester United akaenda Real Madrid ya Hispania. Nambari yake ilikuwa 7, lakini huko Madrid 7 ilikuwa ya Raúl, naye akachagua 23, nambari iliyojulikana sana kwa ajili ya Michael Jordan, mcheza mpira wa kikapu wa Marekani. Kabla ya ligi kuanza, timu ilisafiri hadi Beijing, Tokyo, Hong Kong na Bangkok, na huko maelfu ya watu walitoka kumwona. Kilabu kikubwa hupata mapato katika safari kama hizo, katika matangazo, katika televisheni, na katika mikataba ijayo. Lakini mtoto wa Manchester aliyekuwa na shati lenye jina la Beckham na nambari 7, siku ile alibaki na shati la mtu aliyekwisha kuondoka.

Nao wachezaji wametambua kwamba majina yao yana thamani. Mwaka 1974, katika Kombe la Dunia lililofanyika Ujerumani Magharibi, timu ya Uholanzi ilivaa mashati ya Adidas yenye mistari mitatu mikononi. Lakini Johan Cruyff, mchezaji wao mkuu, alikuwa na mkataba na Puma, ambao ni washindani wa Adidas. Alikataa kuivaa ile mistari mitatu. Basi akashonewa shati lake peke yake, lenye mistari miwili. Siku hizi mchezaji mkubwa anapoingia katika kilabu, wanasheria hukaa mezani na kuandika ni nani atakayefaidika na jina lake na sura yake, na kwa kiasi gani. Cristiano Ronaldo ameziunganisha herufi za jina lake na nambari yake ya 7, na alama hiyo ya CR7 imewekwa katika nguo, viatu na manukato. Mchezaji huyo basi hategemei shati la mtoto wa yule mama.

Sasa turudi nyumbani. Ukienda Gikomba au sokoni kwingine, utaziona jezi zimetundikwa, rangi zote na majina yote. Nyingi ni za kuigizwa. Hatusemi haya ili kumhukumu mchuuzi anayetafuta riziki, wala mzazi ambaye mfuko wake ni mwepesi. Lakini yafaa tujue kwamba katika jezi ya kuigizwa, kilabu hakipati hata ndururu. Huko Ulaya kilabu kitajiri hakitaihisi hasara hiyo. Lakini hapa kwetu mambo ni tofauti. Gor Mahia na AFC Leopards wana mashabiki wengi sana, na siku wanapokutana utaona bahari ya kijani upande mmoja na ya bluu na nyeupe upande wa pili. Ikiwa mashati yale yamenunuliwa kwa mwigaji aliye nje ya lango, basi kilabu kinapigiwa makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Halafu sisi ndio tunaouliza kwa nini wachezaji wetu hawajalipwa!

Wala tusidhani kwamba sisi hatuna wa kuandikwa mgongoni. Victor Wanyama, kijana wa Kenya, alipojiunga na Celtic ya Scotland mwaka 2011, alivaa nambari 67, kwa heshima ya timu ya kilabu hicho iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Mwezi Novemba 2012 aliifungia bao Barcelona, na Celtic wakashinda. Kijana huyo alianza katika viwanja vya vumbi kama vile wanavyochezea watoto wetu leo.

Tuseme nini basi? Kupenda kipaji ambacho Mungu amempa mwanadamu mwenzetu si kosa. Mtoto anayemtazama mchezaji hodari hujifunza bidii, na hujifunza kuinuka baada ya kuanguka. Sisi hatuwaambii wazazi wawanyime watoto wao furaha. Twasema tu kwamba furaha hiyo ipimwe. Kwanza, karo na daftari zitangulie. Pili, kama mwanao anaipenda timu, mnunulie shati lisilo na jina la mtu. Litadumu zaidi, na ile gharama ya kuandika jina utabaki nayo. Tatu, kama unazo pesa za jezi moja, fikiria jezi ya kilabu cha hapa, iliyonunuliwa kwa kilabu chenyewe. Huko Ulaya shilingi zako ni tone baharini. Kwa kilabu chetu, hizo ni nauli ya mchezaji kwenda mazoezini. Na nne, keti na mtoto umweleze hesabu hii. Watoto wanaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Yule mama tulimweleza haya yote, naye akafanya hivyo. Alituambia baadaye kwamba aliketi na mwanawe jikoni, wakapiga hesabu nyuma ya daftari kuukuu. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mama, kwani yeye anajua kwamba mimi nilivaa jina lake?" Mama alisema hakujua amjibu nini. Alimwambia tu, "Yeye hajui, lakini mimi najua, kwa maana ndiye niliyeinunua."

Msikilizaji mpendwa, hatutakudanganya kwamba siku ile kijana aliacha kuitamani jezi mpya. Bado anaitamani. Lakini shule zilipofunguliwa, karo ililipwa. Na jioni moja tulipopita karibu na kiwanja cha shule, tulimwona akicheza na wenzake, amevaa ile ile ya mwaka jana. Herufi mbili za jina zilikuwa zimekwisha kubanduka. Akapata mpira, akampita mmoja, akampita wa pili, na wenzake waliokuwa kando ya kiwanja wakapaza sauti. Hawakuliita lile jina la mgongoni. Waliliita jina lake mwenyewe.