Chuma cha Katwe na Sheria Mbili Zisizopatana

Katika karakana za Katwe, mjini Kampala, ambako hutengenezwa milango ya chuma, sigiri na masufuria, fundi hahitaji kipimajoto. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cha manjano, na joto likizidi huelekea weupe. Huitazama rangi tu, akajua wakati wa kugonga.

Rangi hizo, ambazo kila mama huziona katika makaa ya jikoni, ziliwatatiza wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi. Hesabu za zamani, zikifuatwa hadi mwisho, zilitaka kitu cha moto kitoe nuru isiyo na kikomo, jambo ambalo mpishi yeyote angelikataa. Mwaka 1900 Mjerumani Max Planck alipata jawabu: nguvu ya nuru haitoki mfululizo kama maji ya bomba, bali kwa vipande, kama risasi zitokavyo moja moja. Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya kwanta, inayotawala chembe ndogo kabisa.

Nyundo nayo ikimponyoka fundi huanguka. Albert Einstein alieleza mwaka 1915 kwamba vitu vizito hupinda mahali na wakati, na kupinda huko ndiko uvutano wenyewe. Katika sheria yake hamna vipande. Kila kitu ni mfululizo, kama kitambaa.

Kila sheria imejaribiwa ikashinda. Ugomvi huzuka kwenye shimo jeusi, yaani nyota iliyojiporomokea hata nuru isiweze kutoka. Afrika Mashariki ina sehemu yake hapa: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ikasaidia kuitambua Cygnus X-1, ambayo leo inakubaliwa kuwa shimo jeusi.

Mwaka 1974 Mwingereza Stephen Hawking alipiga hesabu akaona kwamba shimo kama hilo lazima litoe joto, mfano wa chuma kilichotoka motoni, na kupungua hadi liishe. Barua ikichomwa, sheria ya kwanta husema habari zake zimo bado katika majivu, moshi na nuru ya moto, ingawa hakuna awezaye kuzisoma. Ikitupwa shimoni, kwa hesabu ile ya Hawking, habari hizo hufutika kabisa. Basi sheria mojawapo haina budi kulegezwa. Hawking mwenyewe alibadili kauli mwaka 2004, akasema hazipotei. Namna zinavyotoka bado inabishaniwa.

Joto hilo halijapimwa na mtu. Shimo lenye uzito wa jua letu lingekuwa baridi kuliko anga tupu linalolizunguka.