Jodari Asiyepewa Nafasi ya Kutaga

Mfugaji wa Kimuka akibanwa na karo ya shule, hupeleka dume mnadani. Mtamba haguswi, kwa sababu ndiye mifugo ya kesho. Wazee wengi wa Kajiado Magharibi hawakulelewa kwa samaki, lakini leo kopo la jodari limepangwa dukani kando ya unga na mafuta ya kupikia. Anayelinunua ana haki ya kuuliza yule samaki alivuliwa akiwa mkubwa kiasi gani.

Jodari wa mapezi ya njano huhesabiwa amekomaa anapokaribia urefu wa mita moja. Wengi wanaovuliwa kwenye maboya yanayoelea ni wa sentimita 40 hadi 60. Boya lenyewe ni kichanja cha mianzi au plastiki kinachoning'iniza kamba na nyavu kuukuu, kikiwa na chombo kinachoiarifu meli kupitia setilaiti kwamba samaki wamekusanyika chini yake. Meli huja, huzungusha wavu, huzoa wote.

Basi si tuweke kipimo cha chini? Kwenye Atlantiki kilikuwepo. Mwaka wa 1972 tume ya jodari ya huko ilikataza mapezi ya njano wa chini ya kilo 3.2, mwaka wa 2005 ikaifuta kanuni hiyo, kwa kuwa haikuwezekana kuitekeleza. Samaki akishapandishwa na wavu huwa amekufa, na kumtupa baharini hakumrudishii uhai. Mvuvi wa mshipi wa Watamu au Shimoni humvuta mmoja mmoja, humwona, na akiwa mdogo anaweza kumwachilia angali hai. Kipimo kinafaa pale chombo kinapoweza kuchagua. Kwa meli za wavu, kinachosaidia ni kupunguza maboya na kuweka kikomo cha tani.

Upande wetu, kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli. Mwaka wa 2015 wanasayansi wake walitangaza kuwa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata vikomo vikawekwa. Tathmini ya 2024 imeleta nafuu, na nafuu hiyo isitulevye.

Kinachoniuma ni Mombasa, Februari 2023. Wanachama wa Kamisheni walipokutana huko walipiga kura maboya yapumzishwe siku 72 kila mwaka. Siku 72 tu! Zaidi ya theluthi moja ya wanachama wakaweka pingamizi, uamuzi ukapoteza nguvu.

Lakini ndani ya maili 200 za bahari kutoka pwani yetu, leseni hutolewa na Kenya. Hapo hatungoji kura ya yeyote: masharti ya leseni yanaweza kutaja idadi ya maboya, miezi ya kupumzika, na mkaguzi ndani ya kila meli.