Pima regyuleta kabla ya kununua alteneta nyingine

Wafanyabiashara wanaosafirisha mahindi na maharage kutoka Mbale kwenda Jinja, na wale wanaovuka kuingia Kenya kupitia Malaba na Busia, wanaijua hasara ya gari kuzimika usiku njiani.

Mara nyingi lawama huiangukia betri. Ikibadilishwa na tatizo likarudi, hununuliwa alteneta nzima. Kumbe huenda kilichoharibika ni regyuleta, kifaa kidogo kinachodhibiti volti zinazotoka kwenye alteneta.

Kuipima kunahitaji mita ya volti ya kawaida na dakika chache tu. Kwanza hakikisha mkanda wa alteneta umekaza na vichwa vya betri ni safi. Injini ikiwa imezimwa, shikisha waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Betri nzuri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6.

Sasa washa injini na uipe mwendo wa wastani. Mita isome kati ya 13.8 na 14.5, kwa malori ya volti 24, kati ya 27.6 na 29. Washa taa kubwa na feni. Volti zinaweza kushuka kidogo, lakini kwenye gari la volti 12 zisiwe chini ya 13.

Mita ikipita 15 na kuzidi kupanda kila unapokanyaga mafuta, regyuleta ndiyo ya kushukiwa kwanza. Dalili nyingine ni betri kuchemka na balbu kuungua mara kwa mara.

Volti zisipopanda kabisa, usiharakishe kuamua. Kaboni zilizoisha, dayodi zilizoungua au waya uliokatika huleta matokeo hayo hayo. Hapo fundi afungue alteneta. Katika nyingi, regyuleta na kaboni hukaa pamoja upande wa nyuma, na huweza kubadilishwa bila kununua alteneta nzima.

Kwenye baadhi ya magari mapya, kompyuta ya injini ndiyo inayopanga volti, hivyo kipimo huweza kubadilika hata pasipo hitilafu.

Tahadhari: usikubali waya wa betri uchomolewe injini ikiwaka ili "kujaribu alteneta". Volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi, hata kompyuta.

Kwa mwenye gari hesabu ni rahisi. Regyuleta mbovu itaiua betri mpya kama ilivyoiua ya kwanza, na mzigo utalala njiani tena.