Nyumba ya Graff Mjini Philadelphia: Usanifu, Ubomoaji na Mipaka ya Ujenzi Upya

Makala haya yanafafanua historia na usanifu wa Nyumba ya Graff, iliyopo kwenye makutano ya mitaa ya Market na Seventh, Philadelphia, Marekani. Hoja ya msingi ni kwamba jengo lililojengwa upya hurejesha yale yaliyorekodiwa, na huyaacha nje maisha ambayo hayakupata mwandishi.

Nyumba ya awali ilijengwa mwaka 1775 na Jacob Graff, fundi mwashi. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye sakafu tatu. Matofali yalienea mjini humo kwa kuwa udongo wa kuyafyatulia ulipatikana jirani, nayo yalihimili moto kuliko mbao. Katika uashi wa Philadelphia wa zama hizo, aghalabu matofali ya ukuta wa mbele yalipangwa kwa kupokezana katika kila mstari: moja lililazwa kwa ubavu, lililofuata likaonyesha kichwa. Tofali la kichwa lilipenya ndani na kuufunga ukuta. Hivyo pambo na uimara vilitokana na mpangilio uleule.

Mwaka 1776 Thomas Jefferson alikodi sakafu ya pili, yenye sebule na chumba cha kulala, kwa shilingi 35 kwa wiki. Humo aliandika rasimu ya Azimio la Uhuru mwezi Juni. Alihudumiwa na Robert Hemings, mtumwa wa umri wa miaka 14, aliyekuwa ndugu wa mke wa Jefferson kwa upande wa baba.

Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1883 ili kupisha benki. Iliyopo leo ilijengwa mwaka 1975 na mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani, kwa kuongozwa na picha zilizopigwa kabla ya ubomoaji. Kuhusu vyumba, ushahidi muhimu ni barua ya Jefferson ya mwaka 1825, inayotaja sakafu tatu na kubainisha kuwa aliandikia sebuleni.

Ushahidi huo una uzito, lakini ni wa mpangaji mwenyewe, tena baada ya takribani miaka 49. Umewezesha vyumba viwili vya Jefferson kurejeshwa. Mahali alipolala Hemings hapajulikani katika ramani ya nyumba. Kwa hiyo, mtafiti anapaswa kuyasoma matofali ya mwaka 1975 kama fasiri ya nyaraka, si kama shahidi wa mwaka 1776.